Kibali cha Jino

Uvumi wenyewe niliusikia mashineni, hapa Somanda. Tulikuwa tumepanga ndoo zetu za mahindi, umeme umekatika, mwenye mashine ameenda kunywa chai. Mwanamke mmoja mbele yangu akasema kuna mtoto mtaa wa pili ametangazwa kuwa kumbukumbu ya mji, na tangu atangazwe hajarefuka. Mwingine akasema ndiyo, anamjua, ni yule wa Nyanjige. Wakahamia kwenye habari za mvua. Umeme ukarudi, nikasagiwa, nikajitwisha unga wangu nikaenda.

Lakini neno lile lilikataa kunitoka. Nikisonga ugali nalifikiria, nikimwogesha mwanangu wa mwisho nalifikiria. Mimi nami ni mama, na nyumba tunayokaa ni ya siku nyingi. Basi Jumapili moja baada ya ibada nikaenda kwa Nyanjige mwenyewe, akanikaribisha, akanieleza. Nami naandika kama alivyonieleza, kwa ajili ya wenye watoto.

Nyumba ya Nyanjige ni ya matofali ya kuchoma, madirisha yake membamba, bati limeshika kutu. Ilijengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya bwana shamba mmoja wa kusimamia pamba. Aliyefyatua matofali na kuyachoma ni babu yake Masele, mume wa Nyanjige. Mzungu alilala humo misimu michache tu, akaondoka, akamwachia fundi wake. Ukoo wa Masele unalala humo mpaka leo, na waliokufa wako nyuma ya nyumba.

Ikaja siku watu wa Kamati ya Majengo ya Kale wakaanza kuzunguka mjini kutafuta mahali pa kuhifadhi. Kwa Nyanjige walifika alasiri, Masele akiwa mbali na ng'ombe, upande wa Meatu. Walikuwa wawili, afisa Ansbert, mwenyeji wa Bukoba, mtu mpole, na dada mmoja aitwaye Harieth aliyebeba kamera na utepe wa kupimia. Ansbert akasema, "Mwangaluka, mayo." Hiyo kwa Kisukuma ni salamu ya asubuhi, lakini Nyanjige akaiitikia hivyo hivyo asimwaibishe mgeni.

Wakamweleza kwamba nyumba yake ina thamani, itawekewa kibao, na hakuna atakayeruhusiwa kuibomoa. Nyanjige akafurahi. Barabara ilikuwa inapanuliwa wakati huo, na tangu waanze kupaka alama nyekundu kwenye kuta za watu alikuwa hapati usingizi mzuri.

Harieth akarudi nyuma apige picha. Hapo ndipo Nyanjige alipofanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa huku angelifanya. Kwetu nyumba isiyo na mtu mlangoni ni itongo, yaani mahame, mahali ambapo watu walihama au walikwisha. Mgeni akiiona hivyo anaweza kusema haina mwenyewe. Kwa hiyo akamwita binti yake Kwandu, aliyekuwa darasa la pili, ameng'oka jino moja juu na moja chini, akampangusa uso kwa ncha ya kanga, akamsimamisha kizingitini. Harieth akaomba mtoto asogee pembeni kidogo. Nyanjige akasema hapana, mpige naye, ndiye mwenye mji. Kuku mwekundu akapita mbele ya mtoto, naye akaingia kwenye picha.

Tangazo lilipotoka lilisema mahali hapo patabaki kama panavyoonekana kwenye picha, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kibao kikapigiliwa ukutani. Kilikuwa na jina la bwana shamba na jina la kamati. Nyanjige akauliza mbona jina la aliyejenga halimo. Ansbert akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kibao kilikuwa kidogo.

Mambo yalianza na bati. Masele aliporudi alipanda juu akaziba tundu lililokuwa linavuja. Asubuhi kiraka kilikuwa chini na tundu lipo mahali pake. Akaziba tena, kikawa chini tena, akaacha, akatega ndoo.

Halafu kuku. Walimchinja siku ya Pasaka, wakamla wote, na alikuwa mtamu. Kulipokucha alikuwa mbele ya kizingiti anaparua. Wakamchinja sikukuu nyingine, ikawa vile vile. Baada ya hapo wakawa wanamchinja wanapojisikia. Majirani wakaanza kupita jioni na salamu ndefu, wakiulizia afya ya kila mtu mpaka ya ndama. Mboje, shemeji yake Nyanjige, alihamia kabisa. Kila akisema kamati hii inawafikiria wananchi, ujue anataka paja.

Habari ya Kwandu ilichelewa kuonekana. Mwaka ulipoisha sare yake ilimtosha. Mwaka uliofuata ikamtosha pia, na Masele akasema angalau hapo wamepumzika. Wakimnyoa nywele, asubuhi zina urefu ule ule. Meno hayakuota. Walimpeleka kupimwa, nesi akamweka kwenye mizani, akamgeuza, akasema mtoto ni mzima kabisa ila ni kumbukumbu. Kibao alikuwa amekiona akipita kwenda kazini.

Akili yake iliendelea kama ya watoto wengine. Alipanda madarasa, akawa anawashinda kwenye hesabu, akaanza kuwajibu wakubwa. Wenzake wakawa wanarefuka. Wale aliokuwa akicheza nao rede wakaanza kumbeba mgongoni kama mdogo wao, naye akawa anawang'ata, lakini kwa meno yale hawakuumia sana, wakacheka. Ikafika wakati wakawa na siri zao za wasichana wakubwa, na wakimwona anakuja wananyamaza, wanampa pipi. Siku moja Kwandu alirudi nyumbani akaitupa pipi chooni, akakaa kizingitini mpaka giza.

Ndipo Nyanjige alipokwenda kwenye kamati.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Thomasi, mfanyabiashara. Ng'ambo ya barabara, likitazamana na nyumba ya Nyanjige, palikuwa na ghala la pamba, mali ya Thomasi huyo, la zamani kuliko nyumba ile. Wazee wa hapa wanajua kazi yake. Wakulima waliokataa kupanda pamba kwa amri walikuwa wanafungiwa mle, na wapo ambao mlango ulipofunguliwa hawakuinuka. Ghala nalo lilikuwa na kibao. Lakini siku Nyanjige alipofika, shauri la kwanza mezani lilikuwa la ghala, na wajumbe wakakubaliana kwamba limepoteza thamani kwa kuwa limepata ufa. Likatolewa kwenye hifadhi kabla ya chai.

Baada ya chai wakamsikiliza Nyanjige. Ansbert akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza dada yake. Kwandu yumo kwenye picha, na picha imo kwenye tangazo. Kitu chochote kikiongezeka mahali palipohifadhiwa, lazima kiwe na kibali.

"Basi itoeni nyumba," Nyanjige akasema. "Mmetoa ghala sasa hivi."

"Ghala limebadilika, mama. Yako haijabadilika hata kidogo. Wewe mwenyewe ndiye shahidi."

Nyanjige akafikiri. Alikuwa ametoka nyumbani na hoja moja, na imeshajibiwa. Hakutaka kurudi mikono mitupu, kwa hiyo akaomba angalau meno, mtoto apate kula mahindi ya kuchoma. Wajumbe wakapeana picha. Thomasi, ambaye siku hiyo roho yake ilikuwa nyeupe, akavaa miwani, akaona kwamba pengo la juu linaonekana ila la chini limefichwa na mdomo. Wakatoa kibali cha jino la chini.

Jino liliota jioni ile ile. Kwandu alikuwa anaosha vyombo, likalia kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango. Mama yake akampigia vigelegele. Kwandu akalipapasa kwa ulimi, akaendelea na sufuria.

Ghala lilivunjwa wiki hiyo. Ukuta wa nyuma ulipoanguka, waliokuwa wamefungiwa wakatoka, wakajikung'uta vumbi, wakaomba maji. Mafundi wakawapa. Mmoja wao akauliza jina lake limeandikwa wapi, fundi akamjibu kwamba kibao kimeshaondolewa. Akashukuru kwa maji. Wakaondoka kwa miguu, wengi wakishika njia ya Malampaka, kwao. Mahali pale sasa pana ghorofa la Thomasi, na kila mwaka linapanda. Kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake kinaifunika nyumba ya Nyanjige yote. Alikwenda kulalamika, akaambiwa kivuli hakihesabiwi kuwa ni badiliko.

Ameendelea kwenda. Mara wajumbe hawakutimia. Mara Ansbert amehamishwa, na aliyekuja badala yake anataka shauri lianze upya. Mara picha haionekani, na bila picha hawawezi kusema nini kimo na nini hakimo, ingawa Kwandu mwenyewe alikuwa amesimama pale ofisini, kidevu chake kikiwa usawa wa meza.

Siku niliyokwenda mimi, Kwandu alikuwa amekaa mkekani na madaftari yake. Sasa yuko kidato cha pili. Shuleni wamemwekea matofali chini ya dawati, miguu isining'inie. Aliinuka akaniamkia, akanipokea kikapu, akarudi kwenye hesabu zake. Kuku alikuwa jikoni, ameshatumbukizwa kwenye maji ya moto. Nyanjige alikuwa anamnyonyoa huku akiniambia kwamba kesho yake anakwenda tena, na safari hii ataomba jino la juu.

Kwandu akasema bila kuinua kichwa, "Mama, jino liache. Kaniombee miguu."

"Miguu inaonekana kwenye picha, mwanangu."

"Mimi mzima naonekana, mama."

Nyanjige akamgeuza kuku. Akaendelea kunyonyoa, manyoya yakijaa kwenye beseni. Tulikula, tukashiba, nikaaga. Kesho yake alikwenda akaomba jino la juu. Wamesema watalitazama.

Nasikia kamati itapita na mitaa mingine, huu wetu ukiwemo. Kwa hiyo enyi mama wenzangu, mambo ya kuepuka ni haya.

Usiwaambie wageni kwamba nyumba yako ni ya zamani, hata wakiisifia.

Usifurahi kuambiwa haitabomolewa kabla hujauliza ni nini kingine hakitaruhusiwa.

Kamera ikitolewa, usimwite mtoto. Acha nyumba ionekane mahame.

Usimwache mtoto acheze karibu na utepe wao wa kupimia, wala asiwashikie ncha yake.

Usiwachinjie kuku wako mzuri.

Usiende kwenye kamati peke yako.

Na ukifika mbele yao, usiombe jino. Omba mtoto mzima, wacheke wakicheka.