Siku ya Nane ya Siki

Watu wa Ifakara wanasema mimi Febronia nina moyo wa huruma. Waache waseme. Ukweli ninao mwenyewe, nao ni mkali kuliko siki yangu.

Siki hiyo ndiyo iliyonijengea jina katika nyumba ya wageni ya Mama Valeria, upande wa mto Lumemo. Naitengeneza kwa maganda ya nanasi na ndizi zilizoiva kupita kiasi: maji, sukari, mtungi wa mdomo mpana, kitambaa juu. Ikishakomaa naichanganya na mafuta ya ufuta, kitunguu swaumu kilichotwangwa, chumvi, asali kidogo na pilipili kichaa moja, halafu namwagia kabichi, nyanya na matango. Wazungu wa utafiti wa mbu waliolala pale walikuwa wanapangusa sahani kwa mkate. Hata mabwana shamba, wanaoona majani mabichi ni chakula cha mbuzi, wakawa wanaulizia saladi kabla ya wali.

Kandida nilimtoa kijijini Masagati kwa mikono yangu. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa hajui hata kuwasha jiko la mafuta ya taa. Nilimfundisha jiko, nikamfundisha meza, na siku moja nikamfundisha siki. Nilimwambia, "Mdogo wangu, siku ya nane itatoa povu na itanuka pombe. Usiogope. Inapitia pombeni, haikai huko. Iache ipate hewa, wiki ya sita ni siki." Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alielewa vizuri mno.

Mama Valeria ni mjane. Mumewe aliuawa na gongo, na tangu hapo hata chupa ya bia haivuki geti lake. Mwezi wa tatu mwaka 1995, mtungi mpya ulipofika siku ya nane, Kandida alimshika mkono mama wa watu akampeleka stoo. "Mama, nusa mwenyewe," alisema. "Mimi naogopa kusema."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Nani alinisikiliza? Nilitolewa saa ileile na aproni kiunoni, na Kandida akawa mpishi. Asante ya punda ni mateke, hilo nililijua tangu utotoni, lakini haya nilipigwa mbele ya mji mzima. Kwaya ya parokia ikanisimamisha, maana mpika pombe haongozi nyimbo za Misa. Sokoni nikawa Mama Gongo, mimi ambaye togwa ikichacha kidogo naimwaga! Kazi ningeweza kuisamehe. Jina, hapana. Nililitaka jina langu, na nilitaka Kandida alie.

Nikauza vitumbua stesheni miezi minane huku nikimngoja. Nilijua atakuja, kwa sababu niliacha mtungi mmoja wa siki iliyokomaa na hakujua kuutunza.

Alikuja mwezi wa kumi na moja, kanga mpya, uso umepauka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, siki imeisha. Nimejaribu mara mbili inaota ukungu tu. Mama Valeria amepata wageni wa mwaka mpya, wanaitaka ile saladi. Atanifukuza."

"Ule utando mnene uliokuwa unaelea juu ya mtungi, uliupeleka wapi?"

"Niliona kama umeoza. Niliutupa."

Nilicheka moyoni. Utando ule ndio mama wa siki. Ukiutupa umetupa mbegu. Basi nikamweleza kila hatua, na sikumdanganya hata neno moja. Nilisema, "Anza Jumatatu. Weka stoo, jikoni moshi utaiharibu. Ikifika siku ya nane uichuje, halafu uje nikumegee utando kwenye mtungi wangu."

Alipiga magoti. "Mungu akubariki, dada. Nilijua huna kinyongo."

Kinyongo nilikuwa nacho cha kujaza mto Lumemo.

Kitu kimoja tu sikumwambia. Siku niliyofukuzwa, niliondoka na ufunguo wa akiba wa stoo kwenye mfuko wa aproni. Jumatatu ya pili, siku ya nane kamili, nilivaa gauni langu la kwaya nikaenda kuurudisha. Nilichagua saa ya chakula cha mchana, wageni wakiwa barazani.

"Shikamoo, mama. Nimeleta cha watu."

Mama Valeria aliutazama ufunguo. "Miezi minane yote, Febronia?"

"Ni aibu, mama. Lakini ujaribu kwanza, nisije nikaambiwa nimeleta mwingine."

Akaujaribu. Mlango ulipofunguka harufu ikatupokea. Joto la Novemba lilikuwa limefanya kazi yake: povu limepanda, limeinua kitambaa, limemwagika hadi sakafuni. Mama Valeria alishika ukuta.

"Kandida!"

Alikuja mbio na mwiko mkononi, na wageni wawili wakainuka kuja kuchungulia.

"Si pombe, mama! Naapa si pombe!"

"Nyamaza." Mama Valeria akanigeukia. "Wewe unayajua haya. Hii ni nini?"

Hapo nilikuwa nimemshika. Neno moja tu, pombe, na angerudi Masagati na kanga yake mpya. Neno lilikuwa kwenye ulimi, na lilikuwa tamu. Lakini lingenifunga na mimi: kama yake ni pombe, na yangu ilikuwa pombe. Kandida alikuwa ananiomba kwa macho.

"Muulize yeye," nikasema. "Ndiye aliyekufundisha kunusa."

Kandida akaweka mkono juu ya mtungi. "Ni siki, mama. Inapitia pombeni, haikai huko. Ikipata hewa, wiki ya sita..." Maneno yangu yaleyale, kama nilivyompa.

"Na ule mtungi wa Febronia?" Mama Valeria akauliza polepole. "Ule ulikuwa nini?"

Hapo Kandida alinaswa. Akisema pombe, amejihukumu. Akisema siki, amejitaja. Mwiko ukamdondoka.

"Siki, mama."

"Na ulijua?"

"Alinifundisha mwenyewe. Nilijua." Akaangua kilio. "Nilitaka kazi."

Mama Valeria alitaka atoke saa ileile, kama nilivyotolewa mimi. Nikamzuia.

"Mama, nitarudi jikoni kwa mambo mawili. Jumapili uyaseme haya mbele ya kwaya nzima. Na Kandida abaki, awe chini yangu."

Mama Valeria alifuta machozi, akaniambia nina moyo wa huruma. Jumapili alisema yote, nami nikaimba mstari wa mbele. Padre naye akanitaja kuwa mfano wa kusamehe.

Sikumsahihisha mtu. Masagati ni mbali; kule Kandida angeolewa, angesahau, angecheka. Hapa kila asubuhi ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu namsukumia beseni la vitunguu vya saladi. Nimemweka akae akiutazama mtungi. Wiki sita zilishapita, na siki ni safi, haina hata tone la pombe. Anakata huku machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na sijawahi hata siku moja kumuuliza kama ni vitunguu.