Makufuli Mawili ya Lango la Mfereji

Umewahi kuona lango moja likifungwa na watu wawili waliokasirikiana, kisha wote wawili wakashindwa kulifungua? Mimi nimeliona, huku kwetu Oldonyo Sambu, pale mfereji unapochepuka kutoka mtoni.

Kufuli la kwanza lilikuwa la serikali kuu, jipya, linang'aa. Watu wa ofisi ya maji ya bonde walilifunga kiangazi kilipokaza, wakasema mto ni wa taifa zima, wala si wa kijiji. Ufunguo ukashuka nao mjini. La pili lilikuwa letu, jeusi, la ghala la mahindi. Shemeji yangu Lerionka, mwenyekiti wa mfereji, alilipachika juu ya lile la kwanza, wazee wakishangilia.

"Kama sisi hatufungui, na wao hawafungui!" akatamba.

Tulicheka sana. Hakuna aliyewaza kwamba sasa lango limefungwa mara mbili na sisi tuko upande wa kiu.

Zamani lango lilikuwa jiwe, udongo na majani ya migomba. Marehemu mume wangu, zamu yake ikifika, alilisukuma kwa mguu tu. Wazee waligawa maji kwa koo. Aliyeiba alichinja kondoo, tukamla huku mwenyewe anatutazama. Wanawake tulizibua matope, tukachota, tukamwagilia. Kikaoni tulikaa nyuma, mwanaume wa nyumba akitusemea.

Msimu huu ninapokusimulia, chungu kinachemka maharage mapya. Ule mwaka wa makufuli, maharage yangu yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua, na ndiyo pekee niliyokuwa nayo ya kulisha wajukuu. Kila jioni niligeuza jani, nikalikuta limejikunja kama kiganja cha mtoto mchanga.

Ndipo akaja afisa wa bonde, Rodrick Ndesanjo, Mchaga, vumbi mpaka magotini. Alipita shambani kwangu kwanza, akainama, akashika ua moja lililonyauka. Kikaoni akawaamkia wazee wote shikamoo, kisha vita vikaanza.

"Fungua lako," Lerionka akasema.

"Lako ndilo la juu, mzee."

"Lako ndilo lililotangulia!"

"Basi oaneni!" Nasieku, jirani yangu, akapaza sauti kutoka nyuma. Kikao kizima kikaangua kicheko, hata Rodrick.

Alipofuta macho alisema taratibu, "Kwetu mlimani nasi tuna mifereji. Bila wenyeji, ofisi haiwezi kulinda lango hata wiki. Lakini bila ofisi, wa juu tunaumaliza mto."

Lerionka alichora chini kwa fimbo yake. "Dada yangu ameolewa huko chini," akasema mwishowe. "Kabla lango halijafungwa alinipigia. Ng'ombe wake walikuwa wanalamba matope."

Wakakubaliana: makufuli yabaki yote mawili. Ufunguo wa serikali utakaa hapa hapa kwenye kata, badala ya mjini. Wa pili utakaa kijijini. Siku ya zamu yatafunguliwa pamoja, maji ya kutosha yakiachwa yateremke. Ila ufunguo wa kijiji uwe kwa ukoo upi? Hapo wazee wakaanza kurushiana maneno upya.

Rodrick akanitazama. "Na bibi mwenye maharage, anataka nini?"

"Shemeji yangu anaomba maji tu," Lerionka akajibu, kama alivyonijibia tangu kaka yake afariki.

Nikasimama. Magoti yakalia.

"Hapana, shemeji. Maji nimeyaomba tangu nilipoolewa. Leo nataka ufunguo."