Namba Nane Mdomoni mwa Kichochoro

Babu alipokatwa mguu chini ya goti, Bibi hakulia mbele ya watu. Alisema roho ipo, mengine tutayazoea, akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha mumewe. Kilichokuja kumliza, miezi miwili baadaye, ni rangi.

Jumatatu hiyo alitoka na kapu lake kwenda kununua sabuni. Alipofika mdomoni mwa kichochoro chao, pale kinapokutana na barabara ya soko, akakuta mistari myeupe pe, bado inanuka. Manispaa ilikuwa imechora maegesho Jumapili usiku, watu wakiwa majumbani mwao. Kila chumba cha gari na namba yake. Namba saba mbele ya kinyozi, namba tisa mbele ya duka la misumari. Namba nane ilikuwa imejilaza kukatiza kichochoro chote, kama mgeni aliyenyoosha miguu mlangoni pa watu.

"Bibi, mmejengewa ukuta wa rangi," kinyozi akamwambia, mkasi mkononi.

"Rangi haijawahi kumzuia mtu," Bibi akajibu.

Ilizuia. Kabla ya saa sita lori la kabichi lilikuja, likaingia namba nane, likazima injini. Na kichochoro kile ndicho njia pekee ya gari kufika kwa Bibi. Kila Jumanne na Alhamisi mkwewe, mume wa binti yake, alirudisha gari lake kinyumenyume mpaka mlangoni, akampakia Babu kwenda zahanati kusafishwa kidonda. Kiti cha magurudumu walikuwa nacho, lakini kwa mashimo na mawe ya kichochoro kile, ungemsukuma mgonjwa hatua kumi ukafika na kiti kitupu.

Bibi akamwendea dereva wa lori. "Mwanangu, hapa ni njia."

"Mama yangu, hapa ni namba nane. Tazama, hata tairi moja halijagusa mstari! Miaka kumi na tano naendesha, leo ndiyo kwanza nimefuata sheria, nawe unanifukuza?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, maana dereva alikuwa na mdomo mzuri. Alipofika ndani kicheko kikamwishia, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Jumanne kulikuwa na gari jingine namba nane, mwenyewe hajulikani alipo. Ikabidi wanaume wanne wambebe Babu juu ya kiti cha mezani mpaka barabarani. Babu ni mzito tangu ujana wake.

"Polepole, jamani! Mimi si kabati!"

Mmoja akateleza. Mguu uliofungwa ukagonga pembe ya lile gari, na kitambaa kikaanza kuwa chekundu.

Kule zahanati, muuguzi alifungua kidonda, akakisafisha. Kisha akamvuta Bibi pembeni. "Mshono umeachia kidogo. Ukiachia tena, Bibi, sikufichi, daktari atakata juu ya goti. Alhamisi mleteni kwa gari kutoka mlangoni. Asibebwe tena hivi."

Alhamisi ni siku ya soko. Siku hiyo hata kuku hupata shida ya kuvuka barabara.

Bibi hakuwa mtu wa maofisi. Shule aliishia darasa la tatu, na mbele ya meza yenye karatasi nyingi ulimi wake hujikunja. Lakini Jumatano alipiga moyo konde, akaenda manispaa. Wakamwelekeza mwisho wa baraza, mlango wenye kitasa nusu. Mle ndani brashi zilining'inia zikikauka, koni za barabarani zimepandana kama kofia, na vibao vya SIMAMA vimeegemea ukuta. Katikati yake alikuwa ameketi mwanamume mrefu mwenye rangi nyeupe sikioni. Mji mzima ulimwita Bwana Mistari. Barabara, magari na maegesho, vyote vilikuwa juu yake, yeye na toroli moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya namba nane."

Uso wa Bwana Mistari ukang'aa. "Umeiona? Ile ndiyo iliyonyooka kuliko zote!"

"Imenyooka sana. Imenyooka mlangoni kwangu."

Akakunjua mchoro wake mezani. "Haiwezekani, Bibi. Hapa kinyozi. Hapa misumari. Hapa kati turubai la buluu, mita tatu, limeshuka mpaka chini. Nimepima kwa mkono wangu. Hakuna njia."

"Ulipima siku gani?"

"Alhamisi. Niliambiwa nipime soko likiwa limefurika, nijue magari huwa mangapi. Kuchora nilichora usiku, kwa tochi, macho kwenye mchoro tu."

Bibi akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Basi kosa hili ni langu na lako."

Akamweleza. Mama Ndoo, muuza ndoo na mabeseni, hakuwa na mahali pa kupanga vitu vyake siku ya soko. Bibi ndiye aliyemwambia atundike turubai lake mdomoni mwa kichochoro. Mkwe alipoanza kuja na gari, wakapatana: gari likipiga honi, Mama Ndoo anasogeza mabeseni, anainua turubai kwa mti mrefu, gari linapita chini yake, kisha biashara inaendelea.

"Gari linapita chini ya turubai?"

"Kama bwana harusi."

Bwana Mistari hakucheka. Aliuinamia mchoro wake, akikwangua rangi ya sikioni kwa ukucha. "Nimepima nguo nikadhani ukuta," akasema taratibu. "Na kuifuta namba nane siwezi peke yangu. Mpaka kikao cha madiwani, na kikao ni wiki mbili zijazo."

"Wiki mbili zijazo mzee wangu hatakuwa na goti," Bibi akasema. Hakupaza sauti. Hakuinuka kitini pia.

Bwana Mistari akazungusha macho chumbani, yakatua kwenye kibao chenye picha ya mtu na koleo.

"Kuna kitu kimoja naruhusiwa bila kikao. Nikiwa na matengenezo, nafunga sehemu yoyote ya barabara. Ila lazima kazi iwepo kweli, siwezi kudanganya. Kichochoro chenu kikoje?"

"Mashimo matupu, baba."

"Basi kazi ipo."

Alhamisi asubuhi, kabla lori lolote halijafika, alikuwa amekwisha kufika na toroli la kokoto, koni nne na kibao chake. Namba nane akaizungushia koni, akamwomba kinyozi azilinde, akavua shati, akaanza kufukia mashimo.

Lori la kabichi likaja, likapiga honi mpaka watoto wakaziba masikio. "Bwana Mistari! Juzi sheria ilikuwa hapa, leo imehamia wapi?"

"Imekwenda kazini. Shuka, kuna koleo la pili."

Dereva akafungua mdomo ajibu. Ndipo akamwona Babu kule mwisho wa kichochoro, ameketi mlangoni na shati lililopigwa pasi, mguu umefungwa kitambaa cheupe, anangoja. Akaenda kuegesha mbali, nyuma ya kisima, akarudi kwa miguu akalichukua lile koleo.

"Mama, nisamehe," akamwambia Bibi. "Sikujua kuna mtu. Nilidhani tunagombea nafasi tu."

Saa nne honi ya mkwe ikasikika. Koni na mabeseni vikasogezwa, Mama Ndoo akainua turubai, "Pita, shemeji, pita!" Bwana Mistari akasimama katikati ya barabara, mikono juu, soko zima likasimama huku na huku. Gari likarudi nyuma juu ya kokoto bila kuyumba, mpaka mlangoni. Babu akaingizwa humo bila kuguswa na kitu, akaketi nyuma akiwapungia watu kama rais.

Bibi akamfuata Bwana Mistari kule barabarani kumshukuru.

"Usinishukuru, Bibi. Mimi ndiye niliyewafungia."

"Wanaofunga ni wengi, mwanangu. Anayerudi kufungua mwenyewe, tena na toroli lake, huyo nimemwona leo."

Bwana Mistari akageuka, akaanza kuwafokea wenye pikipiki.

Alirudi Jumanne, na Alhamisi, kila mara na kokoto kidogo ili kazi iwe kazi, hata kichochoro kikawa laini kuliko barabara ya soko, na wenye maduka wakaanza kununa. Kikao kilipokaa, madiwani wakakubali namba nane ifutwe. Mpaka leo wageni huhesabu saba, tisa, wakajikuna kichwa.

Siku ya mwisho ya kidonda, muuguzi alifungua kitambaa, akabonyeza, akatabasamu. Kidonda kilikuwa kimefunga, kikavu, na goti lipo mahali pake.

"Haya niambieni, siku zote hizi mlimtoaje?"

Bibi akaanza kuwataja. Bwana Mistari na kokoto zake. Mama Ndoo. Dereva wa kabichi, Mungu ampe barabara njema. Mkwe, ambaye hakuchelewa hata siku moja. Kinyozi aliyezilinda koni. Machozi yakamtoka, safari hii mbele ya watu, wala hakuyafuta.

"Sista," Babu akamwambia muuguzi, "mwite mgonjwa mwingine. Huyu bado hajafika hata nusu."

"Acha aseme, Babu," muuguzi akajibu, akaketi kusikiliza.