Usiguse Kibodi Yangu

Gideon alikuwa bosi wetu kwa wiki chache tu, na tayari nilikuwa nimemchoka mpaka kikohozi chake. Ofisi yetu iko Eldoret mjini, juu ya duka la viatu, na kazi yetu ni kuandika programu za kliniki. Siku hiyo alituita mkutano. Tukaomba, chai ikamiminwa, kisha akatangaza ati kila mtu ana mipangilio yake kwenye kompyuta na hiyo ni fujo.

Mipangilio yenyewe ni faili ndogo ndogo ambazo majina yake yanaanza na nukta, na ukifungua folda hivi hivi huzioni. Ndizo zinaiambia kompyuta herufi ziwe kubwa kiasi gani na kitufe gani kifanye nini. Kompyuta ikifa na hukuzihifadhi, umerudi darasa la kwanza. Kwa hivyo tulihitaji chombo cha kuzihifadhi, na hapo sikubishana. Ubishi ulikuwa ni chombo kipi.

Mimi nilipendekeza kile kinachonakili faili za kila mtu na kumrudishia zake mwenyewe. Gideon alitaka kile cha folda moja ya ofisi: asubuhi ukiwasha kompyuta, inachukua kilicho kwenye hiyo folda, yaani mipangilio yake yeye Gideon, na kufuta chako, sote tunafanana.

"Na mwenye anataka vitufe vikae kivyake?" nikauliza.

"Jeruto, hii ni ofisi, si saluni. Kila mtu asukwe kwao."

Wakacheka. Hata Apiyo, rafiki yangu ninayekula naye githeri kila mchana, alicheka, kisha akainua mkono kumuunga Gideon. Nilimwangalia mpaka akajifanya anatafuta sukari.

Sasa wacha niseme wazi. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili. Vile vingine vilienda na mashine ya kupukuchua mahindi, kwetu Plateau, nikiwa mtoto. Kibodi ya kawaida ilitengenezewa watu wa vidole kumi. Yangu niliipanga mwenyewe, kitufe kwa kitufe, miaka nenda miaka rudi, mpaka nikawa naandika haraka kuliko wote mle ndani. Bila zile faili nadonoa kama kuku, na mtu wa kudonoa hakai kwa hii kazi. Mkono wenyewe sipendi kuuzungumzia. Ofisini naufunika na sweta, na mwenye macho anaona.

Kabla ya wikendi nikahifadhi faili zangu kwenye flashi kwa kile chombo changu. Jumatatu nikawasha kompyuta, kibodi ilikuwa ya Gideon. Nikajaribu kuandika, yakatoka matakataka. Nikamfuata kwa meza yake.

"Nirudishie zangu."

"Utazoea." Hata macho hakuinua.

"Sitazoea! Nina programu ya kuonyesha wateja wiki hii."

"Kama imekushinda, Wanyama ataimalizia. Mbona kila kitu kwako ni vita?"

Weh! Programu niliyoiandika tangu mstari wa kwanza, apewe Wanyama, ambaye hata kuwasha printa huomba msaada? Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka. Na ningerudisha faili zangu kwenye kompyuta yangu peke yake, kesho yake ile folda ingezifuta tena.

Lakini ile folda haikuwa na nywila. Gideon alikuwa amekataa kuiwekea, ati sisi hapa ni familia na familia haifungiani mlango. Haya basi. Jioni watu wakifunga mabegi, nikaifungua, nikafuta zake zote, nikaweka zangu.

Jumanne asubuhi niliketi nikawangoja.

"Aki kompyuta yangu imerogwa," Apiyo akaanza. Wanyama akagonga vitufe, akageuza kibodi juu chini, akaipuliza. Gideon alikuwa anamwandikia mteja, na salamu peke yake ilitoka kama maneno ya mtu mwenye homa. Akasimama.

"Nani amefanya hii kitu?"

"Ni mimi."

"Kazi ya watu wote imesimama, Jeruto!"

"Yangu ilisimama jana na mkanywa chai. Mkuki kwa nguruwe, sivyo?"

"Vitufe vimepangwa na kichaa gani hivi?"

Nikaenda kwa meza yake, nikavuta mkono wa sweta juu, nikaweka vidole vyangu viwili kwenye kibodi yake pamoja na vile vitano vya kulia. Barua ya mteja niliimaliza wakiangalia. Hakuna aliyecheka.

"Si ungesema tangu mwanzo ni mkono," Gideon akasema, sauti imeshuka.

"Kwani lazima nivue nguo mbele ya mkutano ndiyo niachiwe kilicho changu? Niliuliza, mkacheka."

Apiyo alianza kulia. Sikumtazama.

"Sawa. Kila mtu akae na zake," Gideon akasema. "Programu utaonyesha mwenyewe. Sasa nirudishie zangu, tafadhali. Nimezitengeneza tangu nikiwa chuo."

"Nakala yako iko wapi?"

"Si hiyo folda ndiyo nakala?"

Nikamwambia nilifuta. Aliketi polepole, akatazama kibodi bila kuigusa. Nilingoja nimwonee huruma, nikangoja tena, kisha nikarudi kwa meza yangu kufanya kazi.