Mashine Chini ya Wimbo wa Godoro

Kila asubuhi Mjomba alifuata utaratibu uleule. Alifuta vumbi kwenye cherehani, akatia tone moja la mafuta, kisha akawasha redio kusikiliza habari. Kazi haikuanza mpaka mtangazaji aage. Asubuhi hiyo mtangazaji hakuwahi hata kusalimu. Spika iliyoning'inia juu ya mlango ililipuka kwa ngoma ya tangazo la biashara, na sauti ya msichana ikaimba raha ya kulalia godoro jipya.

Kimya, mpwa wake, aliyekuwa akishona vitundu vya vifungo kwenye mashati ya sare, aliinamisha kichwa. Sauti ile ilikuwa ya dada yake, na siku hizi hata watoto wachanga waliucheza wimbo huo.

Mjomba aliinuka. Alinyanyua mkasi mkubwa, akakata waya wa spika.

Chumba kizima kikapigwa na butwaa. Mkasi ule ulikata kitambaa, basi. Hata karatasi ilikuwa mwiko. Mwaka uliopita mteja mmoja aliutumia kufungulia pakiti ya biskuti, na Mjomba alimrudishia suruali bila pindo.

"Mjomba," alisema Bwana Pasi, aliyenyoosha nguo pale miaka kumi, "huo ni waya."

"Nimeona."

"Nakujulisha tu."

"Ameuza sanaa yule," Mjomba alisema, akiukagua mkasi kama anayemkagua mgonjwa. "Amekulia hapahapa, chini ya meza hii ya kukatia. Alikuwa anaimba mambo ya maana. Leo anaimbia godoro."

"Ya maana nayakumbuka. Beti kumi na mbili za ukame. Niliunguza kola nne kwa kusinzia."

"Zilikuwa na ujumbe."

"Na huu una ujumbe: lala."

"Wewe endelea na pasi yako."

"Naendelea. Lakini si wewe uliyeapa kushona suti za mabwana harusi tu? Tazama mashati haya, lundo zima, kola moja."

"Kwa hiyo watoto waende shule uchi?"

"Na watu wasilale?"

Kimya hakujua acheke au alie. Kwenye rafu kulikuwa na furushi la kitambaa cha buluu, bado limefungwa kamba. Dada alikuwa amelileta wiki tatu zilizopita kwa mkono wa Kimya: alitaka Mjomba, na si fundi mwingine, amshonee gauni la onyesho lake kubwa la kwanza. Mjomba hakuligusa. Leo saa nne Dada angepiga simu kwa jibu la mwisho. Kimya alimjua dada yake. Akipeleka kitambaa kwingine, hatakanyaga tena mlango huu. Kwa wiki tatu alikuwa amejizoeza maneno ya kumtetea mbele ya kioo cha kujaribia nguo. Kila alipomkabili Mjomba, yalitoka maneno mawili tu: "Chai tayari."

Saa nne kasorobo Mjomba alianza kushona. Mkanda wa cherehani yake ulikatika zamani, akauunga kwa kipande cha waya, na kila kiungo kilipopita kwenye gurudumu kiligonga. Tak-tak, pumzi kidogo, tak.

Bwana Pasi akaanza kuimba wimbo wa godoro.

Mjomba akasimamisha mguu. Bwana Pasi akanyamaza. Mguu ukaanza, na wimbo ukaanza, safari hii na kiuno.

"Nimesema wimbo huo humu marufuku."

"Mimi nafuata tu, Mjomba. Wewe ndiye unayeanza."

Mjomba alikanyaga polepole; ukawa wimbo uleule, ila wa msibani. Akakanyaga mbiombio, Bwana Pasi akaweka pasi chini ili acheze vizuri. Kola ya shati chini ya sindano ya Mjomba ikapinda kama mkia wa mbwa.

Kimya akajikuta amesimama.

"Ni mashine yako, Mjomba. Ngoma ya wimbo ule ni huo mkanda wako wa kuunga. Dada alikuwa analala chini ya hiyo meza mchana akiusikiliza. Hata usingizi anaouimba ni ule. Hajauza kitu. Ametuchukua akaenda nasi, na sasa watu wote wanacheza cherehani yako. Usingekata waya, ungesikia mwenyewe."

Hakuwahi kusema mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Akaketi upesi, juu ya kifuko cha pini, na akaona haya kusema imemchoma.

Mjomba alikanyaga mara moja. Tak-tak, pumzi kidogo, tak. Akakaa akiutazama mguu wake mwenyewe.

Simu ya Kimya ikalia. Mjomba akanyoosha mkono, akaipokea.

"Kwanza, godoro lenyewe bovu, nimelilalia," alisema. "Pili, hiki kitambaa chako kitachuja rangi. Tatu, vipimo vyako nilivyonavyo ni vya ulipokuwa na miaka kumi na saba, tena ulikuwa mwembamba kama uzi."

"Mjomba," sauti ilisikika mpaka kwenye meza ya pasi, "ni ndiyo au hapana?"

Mjomba alitazama furushi. Akaishika futi iliyomning'inia shingoni. Bwana Pasi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Kilichoniuma si godoro, mwanangu," Mjomba alisema. "Uliondoka bila kuniaga, nikadhani umetuonea aibu. Nimekukumbuka. Njoo nikupime."