Televisheni Isiyo na Chogo

Mimi si mtu wa kusifu vitu vya dukani. Vingi husifiwa na wauzaji kuliko vinavyofanya kazi. Lakini ile televisheni nyembamba niliyoinunua hapa Kibiti, mwaka elfu mbili na nane, nitaisifu mpaka mnichoke, na anayeona nazidisha chumvi akae kando.

Mama yetu, Bi Tabu, alipooza upande wa kulia akiwa kwao Salale, tukamleta kwangu kumuuguza. Jambo la kwanza aliloagiza ni kitanda kigeuzwe, ili akilala kwa ubavu wa kulia uso wake uelekee kibla. Ubavu wa pili ulimuuma, akawa hawezi kuulalia. Basi kutwa kucha alitazama ukuta ule mmoja, na ndio aliouelekea akisali. Haja yake duniani ilibaki moja: kuiona Kaaba kwa macho yake kabla hajafa. Kwenda asingeweza tena. Sote tulilijua hilo, yeye wa kwanza.

Sebuleni tulikuwa na televisheni ya zamani, ya chogo, na juu ya bati dishi lililokamata stesheni inayoonyesha Makka usiku na mchana. Ilikaa mezani, mgongo wake ukielekea chumba cha mama. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio, na ile kweli haikuwa mwenzake, kwani alipata sauti tu. Siku moja tuliibeba kwa kusaidiana tukaiingiza chumbani kwake. Mlangoni ilipita kwa shida. Ndani, chogo lake likala nafasi yote kati ya kitanda na ukuta, hata pa kupitisha beseni la kumwogeshea pakakosekana. Tukairudisha.

"Basi, wanangu," mama akasema. "Kusikia nako ni neema."

Nilikwenda kulia jikoni, nikausingizia moshi.

Ndipo nikaenda kwa Abdalah, mwenye duka la redio na televisheni karibu na stendi.

"Da Johari, hii ndiyo LCD," akaanza. "Bapa kama sinia, unaitundika ukutani, haili nafasi. Nyepesi, unaibeba mwenyewe. Jenereta yako ndogo haitalalamika. Hata dirisha likiwa wazi unaona picha, hujioni sura yako kama kwenye chogo."

"Mgonjwa aliyelala ubavu ataiona?"

Abdalah ana uongo wa kawaida wa muuza duka, lakini siku ile aliacha mbwembwe zake. "Ni kwa ajili ya Bi Tabu? Ataiona. Nitakuja kuifunga mwenyewe." Mungu ampe kheri mtu yule.

Alikuja na drili yake. Alikuwa ameshapanda juu ya kiti, anapima ukuta, alipoingia kaka yangu Yassin, ambaye ni maalimu wa chuo cha Kurani kule Mtunda.

"Huo ni ukuta wa kibla," akasema. "Mama anasali hapo. Mnataka asujudie mpira na taarabu?"

"Mama ana shingo moja, kaka, nayo imeelekea huko," nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya adabu. "Niitundike wapi, darini?"

"Mkiitundika hapo, miye chumba hiki siingii tena."

Abdalah akashuka kitini taratibu, maana hakuna anayetoboa ukuta mbele ya maalimu aliyekasirika. Niliona mama yangu atakufa ameisikia Makka kwa sauti tu, na mwanawe mwenyewe ndiye atakayekuwa amemzuilia.

Mama akakohoa. Ulimi wake ulikuwa mzito, ikabidi tuinamishe vichwa kumsikia.

"Abdalah, baba, ikizimwa inakuwaje?"

"Inakuwa nyeusi tupu, bibi."

"Basi ikifika sala izimeni, muivike ushungi. Wanawake wote wa nyumba hii wakisali hujifunika. Nayo ijifunike."

Abdalah alicheka mpaka akashika ukuta. Yassin alijikaza, tabasamu likamponyoka.

"Na ikiwashwa, mama?" akauliza.

"Ikiwashwa ionyeshe Makka. Mpira katazameni huko kwenye chogo lenu."

Yassin akatazama ukuta, akamtazama mama. "Toboa, Abdalah," akasema.

Zilikuwa siku za mwanzo za Mfungo Tatu, mwezi wa hija, mahujaji wamejaa Makka. Tulipoiwasha, ukuta wote ukawa kama umefunguliwa: watu waliovaa shuka nyeupe za ihramu wakizunguka, na katikati yao Kaaba, nyeusi, pambo la dhahabu kwenye kitambaa chake likionekana wazi. Nimeshukuru mengi maishani mwangu, lakini sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru nilipoona macho ya mama yanavyoizunguka picha ile.

"Kumbe ilikuwa hapo hapo," akasema. "Siku zote nilikuwa naielekea."

Kisha nikaona kidole cha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, kinazunguka polepole juu ya shuka. Nikadhani anaomba kitu.

"Mama, nikupe maji?"

"Niache. Natufu."

Nikamgeukia Yassin. Nilijua atasema tawafu, kule kuizunguka Kaaba, haifanywi kitandani, na jibu langu lilikuwa tayari, kali. Badala yake alivua kofia akajifuta nayo uso, akakaa sakafuni pembeni ya kitanda asimzibe mama.

Kidole kilikuwa kimeanza kuchoka. Mama akamwita.

"Yassin, hawa wanakwenda mbio. Mie mguu mmoja."

Kaka yangu akauchukua mkono ule, akauweka juu ya mkono wake, akaanza kuuzungusha.

"Niegemee, mama," akasema. "Tutakwenda taratibu."