Kabati la Wamalwa

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Nasambu alikuwa mgeni wa Sisibo kwa mwaka wa tatu. Ndivyo watu wetu walivyouita mji wa Eldoret siku zile. Alikuja kutoka Bukusu, upande wa Bungoma, kumfuata mumewe Wamalwa, fundi seremala, wakaishi katika chumba kimoja cha lokesheni, mtaa wa Waafrika, ambacho ukinyoosha miguu unagonga sufuria. Kiswahili alijifunzia milango ya nyuma ya nyumba za Wazungu, alikokuwa akiuza kabichi. Wapishi walimfundisha maneno manne ya kumwambia memsabu mwenye nyumba, na hayo manne akayatumia kama mtu anayevaa shati moja wiki nzima.

Wamalwa alikuwa mgonjwa wa kifua. Alikohoa masika, akakohoa kiangazi, mwishowe akaacha kudanganya watu kwamba ni vumbi la mbao. Mtu mwingine angelia. Yeye alinunua mbao za mwerezi, akapiga randa jioni kadhaa, akatengeneza sanduku refu lenye mabega mapana na miguu myembamba. Akalisimamisha kwenye kona ya chumba, akatia bawaba na kitasa, akaliita kabati. Majirani walilisifu. Kama wangelilaza chini mara moja tu, lokesheni nzima ingehama.

Nasambu alijua lilikuwa la nini. Wamalwa alitaka kuzikwa nyumbani, kando ya baba yake, na mwenye lori la kwenda Bungoma alikuwa amesema wazi kwamba maiti haipandi lori lake bila sanduku lililofungwa vizuri. Asiye na sanduku anabaki mjini, kwenye makaburi ya baraza la mji, ambako wanakuzika na kukupa namba. Wamalwa hakuogopa kufa. Namba ndiyo aliyoiogopa.

"Hiyo kabati ndiyo nauli yangu, mama," alimwambia mkewe siku alipolazwa hospitali. "Nichungie."

Wiki hiyohiyo baraza la mji likatoa amri. Nyumba zote za lokesheni zitapigwa dawa ya viroboto, kwa hiyo kila mtu atoe vyombo nje. Na kwa kuwa watu wamezoea kutupa vitanda vibovu na mapipa yaliyotoboka nyuma ya vyoo, kila kitu kikubwa kisichofaa kitabebwa na mkokoteni wa baraza, na mwenyewe atalipa shilingi tatu. Amri ilisomwa uwanjani mchana, saa ambayo Nasambu alikuwa hospitalini akimlisha mumewe uji. Alichopata baadaye kwa majirani ni mkia wa habari tu: vitu vikubwa vina shilingi tatu.

Akaenda akauza jembe lake.

Asubuhi ya dawa alilikokota kabati peke yake hadi nje, akalisimamisha ukutani, akakaa mbele yake kama kuku juu ya mayai. Mkaguzi wa baraza akaja. Watu walimwita Bwana Chokaa, kwa sababu hakutembea bila kipande cha chokaa na kila alichokipita alikitia alama. Alikuwa Mzungu mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kumfokea mtu wa ng'ombe. Akalitazama kabati, jembamba chini, pana juu, halina hata rafu moja ndani. Akaligonga kwa fimbo.

"Hii taka?"

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Uchafu Nasambu aliujua kwa jina la uchafu. Taka aliijua kwa maana moja tu, ile ya milango ya nyuma: memsabu, taka kabichi? Taka, au hapana taka. Hata Wazungu wenyewe walisema hivyohivyo. Kwa hiyo alimsikia Bwana Chokaa akimuuliza kama analitaka kabati lake, na moyo wake ukaruka kwa furaha kwamba ameulizwa.

"Ndiyo, bwana!" akasema, mikono miwili kifuani. "Taka! Taka sana!"

Bwana Chokaa akacheka. Pengine hakuwahi kumwona mtu anayeshangilia takataka zake namna hiyo.

"Shilingi tatu."

Akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa zote tatu, na asikudanganye mtu, alizitoa kwa moyo mkunjufu. Alipewa karatasi. Mlangoni mwa kabati Bwana Chokaa akachora mistari miwili iliyokatana. Nasambu, Mkristo wa kubatizwa, aliona msalaba, akashukuru Mungu. Mtu anaweza kujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe na bado akasifu harufu.

Akaenda hospitali na uji.

"Leo nimelipia kabati," alimwambia mumewe. "Bwana ameandika karatasi. Sasa hakuna mtu anaweza kuigusa."

Wamalwa alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi uso wake kulegea. "Umefanya vizuri," akasema. "Umefanya vizuri sana, mama."

Aliporudi, vyombo vya watu vilikuwa palepale, na ukutani kwake palikuwa patupu. Akazunguka nyumba. Akazunguka tena, kama kwamba kitu kirefu kuliko mtu kinaweza kujificha nyuma ya ndoo. Kisha akakimbilia kwa karani Shitanda, jirani aliyesoma, akamwekea karatasi mkononi.

Shitanda akaisoma, akaisoma tena kimoyomoyo, akakosa pa kuweka macho.

"Mama, hapa inasema umelipa wakaitupe."

"Hapana. Aliniuliza kama nataka. Nikasema nataka."

"Alikuuliza kama ni taka, mama. Takataka. Kitu ya kutupa."

Nasambu alimtazama kijana huyo kwa chuki ambayo hakustahili. Kisha akashika njia ya jalalani, ng'ambo ya mto Sosiani, anakimbia, anatembea, anakimbia. Alimkuta Kimeli, mwendeshaji wa mkokoteni, akifungua nira za ng'ombe kando ya moto mkubwa. Mwerezi hauhitaji kubembelezwa ukishika moto. Harufu yake nzuri ilikuwa imejaa bondeni kote.

"Ilikuwa na alama, mama," Kimeli alisema polepole. Alikuwa mtu mzima, na aliona kwamba kilichoungua si kabati. "Yenye alama tunachoma. Pole. Pole sana."

Hakulia pale. Alilia hospitalini, siku ya tatu, Wamalwa alipomuuliza kama mvua haijalowesha mbao. Alimwambia yote. Wamalwa akasema, "Mbona wewe ndiye unalia?" Akageukia ukuta. Tangu hapo hakuugeuza uso wake tena kwa mtu, wala kwa uji, na baada ya siku tisa akafa. Mimi nasema hakuuawa na kifua. Mwenye lori alikataa, Shitanda alichangisha pesa na hazikufika nusu ya bei ya mbao, na hospitali haikuweza kungoja. Wakamfunga blanketi la kijivu, wakampeleka kwenye makaburi ya baraza pamoja na wengine wawili, shimo moja.

Habari za kifo zilifika Bukusu mapema, lakini za kuzikwa mjini zilichelewa. Nasambu alipofika peke yake na bahasha yenye namba ya kaburi la mjini, kaburi la nyumbani lilikuwa limeshachimbwa siku nne nyuma, kando ya lile la baba mtu, safi, kingo zimenyooka. Kwetu kaburi lililofunguliwa haliachwi na njaa. Wazee wakakata shina la mgomba, wakalivika koti la Wamalwa, wakalizika kwa nyimbo zote na maombi yote, na watu wakalia vizuri kabisa juu ya mgomba.

Mama yake Wamalwa hakulia. Alingoja watu watawanyike, akaja akaketi chini karibu na mkaza mwanawe, magoti yakigusana. Hakuuliza habari za kabati, maana hakuna aliyemwambia. Aliuliza jambo moja.

"Huko mlikomweka, kando yake amelala nani?"

Nasambu aliikunja ile bahasha yenye namba.

"Watu, mama," akasema. "Watu tu."